Maswali ya wasomaji: Kadi ya harusi yenye mabwana wawili, au mabibi wawili

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi katika nchi ambako sheria inatambua ndoa ya watu wa jinsia moja: Uholanzi, iliyotangulia dunia nzima tarehe 1 Aprili 2001, Kanada na Afrika Kusini zilizoingia mwaka 2005 na 2006, Uingereza, Ujerumani, Marekani na Uswidi. Shida yao inafanana. Kadi wanaitaka kwa Kiswahili, au angalau upande mmoja uwe wa Kiswahili ili mama na wajomba wasome bila mkalimani, lakini kila kielelezo wanachokipata kimeandikwa kwa bwana mmoja na bibi mmoja.

*

Ndugu wahariri, mimi ni mwanamume na mchumba wangu ni Mholanzi. Nimechukua kadi ya harusi ya kaka yangu iliyofanyika Morogoro, nikadhani nitabadilisha majina tu. Nimekwama kwenye "anayemuoa". Nikiandika kwamba namuoa, yeye amekuwa bibi. Nikiandika ananioa, bibi ni mimi. Tufanyeje? — Msomaji, Rotterdam

Kinachokutesa hapo ni kitenzi, basi kitoe. Kiswahili kimegawa kazi tangu zamani: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Ukitumia lolote kati ya hayo mawili kwa watu wa jinsia moja, umempa msomaji fumbo la kufumbua, naye atakaa kwenye fumbo badala ya kuangalia tarehe. Lakini lugha hiyo hiyo ina "kuoana", na hakuna anayesikia jambo geni ndani yake, kwa sababu hata mume na mke huoana. Ina pia "kufunga ndoa na", isiyosema nani kamchukua nani. Na njia fupi kuliko zote ni kuacha kitenzi kabisa na kutumia jina: harusi ya fulani na fulani.

Kadi ya kwetu kwa kweli ni sentensi moja ndefu. Inataja anayealika, furaha yake, anayealikwa, shughuli, wenye shughuli, kisha siku na mahali. Kinachobadilika kwenu ni kipande cha wenye shughuli peke yake. Vingine viacheni vilivyo, maana ndivyo vitakavyomfanya mjomba aitambue kadi kuwa kadi ya harusi:

Familia ya Bw. na Bi. ……… ya Morogoro
inayo furaha kubwa kukualika
Bw./Bi./Dkt. ………
kwenye harusi ya kijana wao mpendwa
BARAKA
na
PIETER
itakayofanyika Jumamosi, tarehe 12 Juni, saa tisa alasiri (15.00)…

Kama wazazi wa pande zote mbili wanaalika, majina yao yakae mistari miwili ya juu, kitenzi kiwe "wanayo furaha", na hapo chini muandike "harusi ya watoto wao". "Watoto wao" inabeba wa kiume na wa kike bila kuuliza. Wapwani watakumbuka kadi zinazosema wazazi "wanamwoza" binti yao. Neno hilo lina mwelekeo, kuna anayetolewa na kuna anayepewa, kwa hiyo hapa halikai. "Kufunga pingu za maisha" linakaa, ingawa limechoka.

Msiandike "ndoa ya jinsia moja" popote kwenye kadi. Hakuna aandikaye "ndoa ya jinsia mbili". Lakini jueni kwamba Kiswahili kinaficha kuliko Kiholanzi: "yeye" ni mwanamume au mwanamke, na majina kama Amani au Furaha huitwa wote. Mgeni anaweza kufika ukumbini ndipo agundue. Kama mnataka ajue mapema, na kwa kawaida ni heri ajue, wekeni Bw. mbele ya kila jina, au picha yenu ndogo upande wa nyuma. Hayo yanatosha.

Na huko kwenu, kumbuka kuwa halmashauri inataka taarifa ya kusudio la ndoa si chini ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Msipeleke kadi kiwandani kabla halmashauri haijathibitisha saa.

*

Jina la nani litangulie? Mama yangu anataka langu, mama yake anataka lake. — Msomaji, Utrecht

Kwenye kadi za Kiingereza bibi hutangulia kwa sababu kwa desturi wazazi wake ndio walioalika na kulipa. Sababu hiyo mnaweza kuichukua ilivyo: anayealikiwa na wazazi wake atangulie. Mkialika wenyewe, tumieni alfabeti, au sikio: jina fupi mbele, refu nyuma. "Ali na Sebastiaan" inateleza. Geuza uone inavyojikwaa.

Ikiwa akina mama hawaridhiki, chapisheni matoleo mawili. Mashine ya dijitali haina gharama kubwa ya kubadilisha mstari katikati ya kazi. Ile ya ofseti itadai sahani mpya na bei ya pili, kwa hiyo ulizeni kwanza ni mashine gani. Ila mpangilio wa majina kwenye keki, mlangoni na kwenye ratiba uwe mmoja, maana huko wote watakuwa chumba kimoja.

*

Wanangu, binti yangu anafunga ndoa na msichana mwenzake hapa Toronto. Wazazi wa yule mwingine wamesema majina yao yasiwekwe kwenye kadi. Baba wa binti yangu ni marehemu. Nikialika peke yangu, yule mtoto ataonekana hana kwao. Niandike nini? — Mama, Toronto

Shikamoo mama. Kwanza, waliokataa waache. Jina juu ya kadi ya kwetu si pambo, linasema "mimi ndiye ninayekualika", na wageni watampigia simu mwenye jina kuuliza njia na sare. Ukiwaweka kwa nguvu, ugomvi utaanzia kwenye simu hizo.

Pili, usitumie "pamoja na familia zao". Watu wengi hukimbilia maneno hayo kwa sababu yanasikika mapana, kumbe yanawaingiza wale wale waliokataa. Una njia mbili safi. Ya kwanza, uwaalikie wote wawili kama wako:

Bi. ………
anayo furaha kukualika kwenye harusi ya wanawe
NEEMA na GRACE

"Wanawe" hapo linafanya kazi kubwa: Grace anaingia kwako kama mwana, na hakuna mgeni atakayeuliza wa kwake wako wapi. Muulize Grace mwenyewe kabla, kwa sababu huenda hataki kuonekana kama aliyekana kwao. Akisita, tumia ya pili, maharusi waalike wenyewe: "Sisi, Neema na Grace, tunayo furaha kukualika kwenye harusi yetu", na wewe utajwe mstari wa chini yake, "tukiwa na baraka za mama yetu Bi. ………". Kama Grace ana shangazi, dada mkubwa au mlezi aliyekubali, huyo naye atajwe kwa jina na uhusiano wake. Shangazi mmoja aliyekubali ana uzito kuliko wazazi wawili wasiokuja.

Kuhusu marehemu: hawezi kualika, kwa hiyo asikae juu ya kitenzi. Anatajwa kwa mtoto wake: "Neema, binti wa Bi. ……… na marehemu Bw. ………". Tumeona kadi ambazo marehemu "anayo furaha kukualika", na huzuni inachanganyika na kicheko.

Wazazi wa Grace wanaweza kubadili nia, huwa inatokea. Mpe mtoto tarehe ya mwisho ya maandishi, wiki 12 kabla ya harusi, awaambie mara moja bila kuwabembeleza. Baada ya hapo kadi inakwenda kiwandani, nao wakija watapokewa kwa bahasha ya wageni wa heshima.

*

Upande mmoja wa kadi yetu ni Kiswahili, wa pili Kijerumani. Kwa Kiswahili ni saa tisa, kwa Kijerumani 15.00. Mchapaji anasema wageni watadhani tumekosea. — Msomaji, Hamburg

Mchapaji hajui saa zetu. Usibadilishe, ila usiache namba tupu. Upande wa Kiswahili andika kwa maneno kisha weka namba ya saa 24: "saa tisa alasiri (15.00)". Hiyo pia inamwokoa Mkenya, maana Wakenya wengi huandika saa za Kizungu hata ndani ya sentensi ya Kiswahili. "Saa 3" kwa Mtanzania ni asubuhi ya kunywa chai, kwa Mkenya mwingine ni alasiri.

Mtego mwingine uko kwa Wajerumani wenyewe. "Halb vier" kwao ni nusu ya kuelekea saa nne ya Kizungu, yaani 15.30, saa tisa na nusu. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika saa kumi na nusu, na wageni watafika maharusi wameshatoka. Maofisi ya ndoa ya huko hugawa muda kwa vipande vifupi na wenzenu watakuwa wanangoja kwenye korido, hivyo ongeza mstari: "Wageni wanaombwa wawe wamefika saa nane na nusu mchana (14.30)".

Tarehe nayo: mwezi uwe kwa maneno. Ndugu wa Marekani akiona 3/7 atakuja mwezi Machi.

Jambo moja hukuuliza. Pande mbili za kadi si lazima zitafsiriane. Wajerumani huandika "Wir heiraten", tunaoana, na maharusi hujialikia. Kwa Kiswahili, kadi isiyo na wazazi inasomeka kama ya watoto waliotoroka. Upande mmoja maharusi waalike, upande wa pili familia ialike. Kinachotakiwa kufanana ni siku, saa, anwani na tarehe ya kujibu.

*

Tulisaini ndoa kwenye ofisi ya serikali mwezi Machi, sherehe ni Desemba. Tuandike "kushuhudia ndoa"? — Msomaji, Johannesburg

Hapana, ndoa imeshashuhudiwa. Andika "kusherehekea ndoa ya", au "tafrija ya kusherehekea ndoa". Mgeni akiahidiwa ndoa atangoja viapo, na visipokuja ataondoka na nongwa.

Kwa nchi yenu angalieni na cheti. Sheria ya muungano wa kiraia ya 2006 inawaachia wawili wachague muungano wao uitwe ndoa au ubia wa kiraia. Mliochagua ndoa, andikeni ndoa kifua mbele. Mliochagua ubia, "harusi" ni neno salama, kwa sababu harusi ni shughuli na ndoa ni hali ya kisheria. Uingereza pia wanavyo vyote viwili. Ubia wa kiraia kule hukamilika kwa kutia saini bila hata kiapo, kwa hiyo kadi isemayo "watakapokula kiapo" itakuwa imesema uongo.

*

Sisi ni Waanglikana wawili, wanawake. Tunataka neno "ibada" kwenye kadi. Linafaa? — Msomaji, Leeds

Inategemea mlango mtakaoingia. Church of England haifungishi ndoa za jinsia moja. Tangu Desemba 2023 inaruhusu sala za baraka kwa wawili hao ndani ya ibada ya kawaida. Kama ndiyo mliyopewa, kadi iseme "ibada yenye sala za baraka", na mstari wa ndoa utaje ofisi ya msajili. Methodist Church ya Uingereza iliamua mwaka 2021 kuruhusu ndoa hizi, lakini kila usharika huamua wenyewe na jengo lazima lisajiliwe kwa kazi hiyo. Hapo "ibada ya ndoa" ni sahihi kabisa.

Kwa ndoa ya kiserikali England na Wales neno hilo litolewe. Sheria hairuhusu sala wala nyimbo za dini ndani ya ndoa ya kiraia, na msajili akiiona kadi atawauliza mna mpango gani. Kumbukeni pia kwamba taarifa ya ndoa inatolewa si chini ya siku 28 kabla, wakati mwingine siku 70 mmoja akiwa mgeni wa nchi, nayo inataja ukumbi kwa jina. Mkihama ukumbi mnaanza upya. Ndiyo maana tunashauri kadi zichapwe baada ya taarifa.

*

Nina ndugu na marafiki Dar es Salaam, Mombasa na Kampala ninaotaka wawepo. Baadhi yao wako kama mimi na kwao hawajui. Kadi niitumeje? Na wengine wameniomba barua ya viza. — Msomaji, Birmingham

Tuanze na hatari, maana hapa kadi si karatasi ya furaha tu. Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kina kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa tendo lenyewe. Kenya ni hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Uganda, sheria ya 2023 imeongeza kosa la "kukuza" mapenzi ya jinsia moja, kifungo chake kikifika miaka 20, na neno hilo ni pana kiasi cha kumtia wasiwasi hata anayesambaza kadi. Kuhudhuria harusi halali Birmingham ni jambo moja. Kadi yenye jina la mgeni kukutwa kwenye simu yake Kampala ni jingine.

Kwa hiyo mgeni wa huko asianze kuiona kadi. Mpigie simu kwanza, muulize mambo matatu: anataka kuja, anataka kupokea chochote kwa maandishi, na nani mwingine hushika simu yake. La tatu ndilo linalosahaulika. Simu nyingi zina watoto wanaocheza gemu na wapwa wanaoangalia picha.

Akikubali kupokea, mtengenezee toleo lake. Mstari wa "kukualika Bw./Bi." ubaki mtupu, kwa sababu jina na cheo chake ndivyo vinavyoigeuza kadi kuwa ushahidi dhidi yake. Majina ya maharusi yawe ya kwanza tu, bila Bw. wala picha. Hapa kule kuficha kwa Kiswahili tulikokulalamikia juu kunageuka kinga: "harusi ya Amani na Chris" haimwambii mtu kitu. Tuma kwake peke yake, kamwe si kwenye kundi la ukoo, hata kundi la watu sita. WhatsApp ina ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Chagua saa 24, ukijua kwamba haumzuii mtu kupiga picha ya skrini. Karatasi usiitume kabisa. Masanduku ya posta mengi ni ya ofisi au ya familia nzima, na bahasha nene yenye stempu ya Malkia au Mfalme haifiki bila kufunguliwa na mtu.

Kama mna tovuti ya harusi, iwe na nywila, iwe imezuiwa isionekane kwenye mitambo ya kutafuta, na orodha ya waliothibitisha isionekane kwa wageni wengine. Hilo la mwisho huachwa wazi kwenye huduma nyingi mpaka mwenyewe ulizime.

Kisha picha. Kwenye kadi ya kila mgeni, wa Birmingham na wa Mombasa, weka mstari huu: "Tafadhali usirushe mtandaoni picha yenye mgeni mwingine bila ruhusa yake." Andika kwa wote, ili wanaohitaji kinga wasitambulike kwa kuandikiwa peke yao. Mpiga picha apewe siku ile ile orodha ya meza zisizopigwa.

Barua ya viza ni karatasi nyingine kabisa, usibandike kadi nyuma yake. Iwe ukurasa mmoja: jina lako na anwani, hadhi yako ya ukaazi, jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti na namba ya pasipoti, uhusiano wenu, tarehe za kufika na kuondoka, atalala wapi, nani analipa nauli na matumizi. Sababu: "kuhudhuria harusi yangu tarehe fulani." Jina la mwenzi wako si lazima liwemo. Lakini usiibadilishe harusi kuwa "mkutano wa familia" au matibabu. Udanganyifu kwenye maombi ya viza ya Uingereza unaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10.

Muda nao: Uingereza huruhusu kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ni kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla. Marekani haidai barua ya mwaliko kwa viza ya matembezi, ingawa mgeni akiulizwa anachofuata ni vizuri jibu lake lilingane na fomu. Hivyo hawa wa mbali waambiwe tarehe miezi minane hadi kumi mapema, hata kama kadi za wengine hazijachorwa.

*

Tuna wageni 120. Tuchape kadi ngapi, za ukubwa gani, na zitoke lini? Shangazi anasisitiza "kadi ya mtu mmoja" na "kadi ya watu wawili" kama nyumbani. — Wasomaji, Minneapolis

Hesabuni nyumba, si vichwa. Mfano: jozi 40 ni watu 80, familia nne za watu watano ni 20, wapweke 20. Wageni 120, kadi 64. Ongezeni kumi za makosa ya anwani, za wazazi na ya kumbukumbu, jumla 74, chapeni 75. Bahasha ziwe 85, kwa sababu mwandiko huharibika kwenye bahasha.

Marekani ukubwa wa kawaida ni inchi 5 kwa 7. Epukeni bahasha za mraba na muhuri wa nta: mashine za posta hazizipangi vizuri na mtalipa nyongeza kwa kila moja. Walioko Uingereza wanaweza kutumia A5 ndani ya bahasha ya C5, lakini unene usizidi milimita 5, ukizidi inahamia kundi la bei kubwa. Utepe wenye fundo hutosha kuivusha. Karatasi ya gramu 300 inatosha. Ya 350 hupasuka kwenye mkunjo isipokandamizwa mstari wa kukunjia kwanza.

Kadi zitoke wiki 8 hadi 10 kabla. Tarehe ya mwisho ya kujibu iwe wiki nne kabla, kisha mtumie wiki moja kuwapigia wasiojibu. Watu wetu hawajibu kadi, hilo mlijue. Anayekuja huona kujibu ni kurudia jambo lililo wazi. Wekeni namba ya simu ya mtu mmoja mwenye subira badala ya kadi ya pili ya majibu.

Shangazi yuko sahihi kuhusu idadi. Wamarekani huonyesha idadi kwa majina kwenye bahasha, na mgeni wetu asiyejua desturi hiyo huja na watoto watatu na jirani. Andikeni ndani ya kadi: "Tumekuwekea nafasi 2." Lakini "kadi hii ni ya watu wawili" nyumbani huenda sambamba na mchango uliotolewa, kwa hiyo kama hamchangishi, tumieni maneno ya nafasi ili mtu asifikirie anadaiwa. Jozi za wageni za jinsia moja zipate bahasha moja, "Bw. fulani na Bw. fulani", kila mmoja kwa jina lake kamili. "Bi. fulani na mwenzake" ni dharau kama mwenzake mnamjua.

*

Msaada wa haraka. Kadi 80 zimeshachapwa, na shangazi amegundua tumeandika "harusi ya wake wenza Zuhura na Helen". Harusi ni baada ya wiki saba. — Wasomaji, Malmö

Wake wenza ni wanawake walioolewa na mume mmoja, na kila mzee atakayeifungua kadi atauliza mume yuko wapi. Mlitafsiri "mwenza" mkasahau jirani yake. Kwa kadi zijazo, "wenzi" ndilo neno, au "maharusi", ambalo halibagui na linakaa kila mahali. Na mkitaka kutaja, "mabibi harusi". "Wake wawili" nalo lina ugonjwa ule ule. Na mkimtaja msimamizi wa Zuhura kuwa ni "shoga yake", kwa Kiswahili cha pwani ni rafiki wa kike tu, ila kwenye kadi hii wasomaji watasimama hapo dakika tano. Andikeni "rafiki yake".

Kama hazijatumwa, chapeni upya leo kwa mashine ya dijitali, katikati peke yake. Bahasha na ramani ya ukumbi zinabaki. Mkikosa muda, kibandiko cha karatasi ile ile, sentimita 9 kwa 2, chenye "harusi ya Zuhura na Helen", kitafunika mstari wote na kuonekana kama urembo. Jaribuni kimoja kwanza kuona kama wino wa chini unapenya. Zikiwa zimeshatumwa kwa watu wachache, msitume masahihisho. Masahihisho husomwa na wengi kuliko kosa. Ila mpigieni mwokaji keki asubuhi hii, kwa sababu huenda alinakili maneno kutoka kwenye kadi.